MAPATO YA MATANGAZO KATIKA KURASA ZA BURE ZA INTANETI: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Utangulizi

Mtu mwenye simu au kompyuta anaweza leo kuandika habari zake, mafunzo ya kazi yake, mapishi ya nyumbani kwake au historia ya mji wake, na maandishi hayo yakasomwa Chake Chake, Dar es Salaam, Muscat na London kwa wakati mmoja. Makampuni makubwa ya intaneti hutoa nafasi ya kuweka maandishi hayo bila ya malipo. Makampuni hayo hayo humruhusu mwandishi kuonesha matangazo ya biashara pembeni mwa maandishi yake na kupata sehemu ya fedha zinazolipwa na wenye biashara. Kurasa za aina hii huitwa blogu.

Jambo hili ni la halali na linaweza kumletea mtu kipato. Hata hivyo, limezungukwa na ahadi nyingi zisizo na msingi. Wapo wanaoambiwa kuwa watapata mshahara wa pili kwa kuandika saa moja kila usiku. Wengine hutakiwa kununua akaunti ambazo tayari zimekubaliwa, au kulipia mafunzo ya siri ambayo hayana siri yoyote. Matokeo yake ni kuwa mtu hutumia akiba yake, muda wake na pengine jina lake jema, na mwisho wa mwaka anakuwa hajapokea hata shilingi moja.

Madhumuni ya maelezo haya ni kumuwezesha kila mwananchi kuelewa fedha hizo zinatoka wapi, zinapita katika mikono gani, zinafika lini na kwa masharti gani. Yeyote atakayeamua kuingia katika shughuli hii baada ya kuyasoma, aingie akiwa na hesabu mkononi.

Asili ya utaratibu huu

Matangazo ya biashara ndiyo yaliyolipia magazeti na redio kabla ya intaneti. Msomaji alilipa bei ndogo au hakulipa kabisa, na mwenye biashara akalipa sehemu iliyobaki ili bidhaa yake ijulikane. Intaneti iliurithi utaratibu huo. Mwezi Oktoba 1994 jarida la HotWired la Marekani lilianza kuonesha matangazo ya mstatili juu ya kurasa zake, na kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa miongoni mwa makampuni ya kwanza kulipia matangazo hayo.

Katika mwaka huo huo wa 1994 ilianzishwa huko California huduma iliyokuja kujulikana kwa jina la GeoCities. Huduma hiyo ilimpa kila aliyetaka nafasi ya bure ya kujenga ukurasa wake, na nafasi hizo zilipangwa kama mitaa ya mji. Fedha za kuiendesha zilitokana na matangazo. Kampuni ya Yahoo iliinunua mwaka 1999.

Mwaka huo wa 1999 ndipo kampuni ndogo ya Pyra Labs ilipoanzisha Blogger, huduma iliyomwezesha mtu asiyejua lugha ya kompyuta kuchapisha maandishi yake. Google iliinunua Pyra Labs mwezi Februari 2003. Miezi michache baadaye, mwezi Juni 2003, Google ilianzisha mpango wa AdSense, ambao ulimfanya mwandishi mdogo, asiye na afisi wala wakala wa matangazo, aweze kupata sehemu ya malipo ya matangazo. Kuanzia hapo nafasi ya bure na mapato ya matangazo viliweza kupatikana kwa kampuni moja.

Kwa upande wa Tanzania, mfano unaojulikana sana ni wa mpigapicha Muhidin Issa Michuzi, aliyeanza kuchapisha picha na habari katika nafasi ya bure mwezi Septemba 2005. Ukurasa wake ulipata wasomaji wengi ndani na nje ya nchi, na baadaye ulibeba matangazo ya makampuni ya nchini. Ikumbukwe kuwa alianza akiwa tayari ni mwanahabari mwenye uzoefu, na wasomaji walimfuata kwa sababu alikuwa na habari na picha ambazo wao hawakuwa nazo.

Nani anamlipa nani

Katika utaratibu huu wapo wahusika wanne. Wa kwanza ni mwenye biashara anayetaka bidhaa yake ijulikane. Wa pili ni kampuni inayokusanya matangazo na kuyagawa. Wa tatu ni mwandishi mwenye ukurasa. Wa nne ni msomaji. Msomaji halipi fedha, bali hutoa muda wake na taarifa kuhusu mahali alipo na mambo anayoyapenda.

Msomaji anapofungua ukurasa, nafasi ya tangazo hunadiwa kwa muda usiofikia sekunde moja. Kompyuta za wenye biashara hutoa bei zao, na mshindi ndiye ambaye tangazo lake huonekana. Kwa sababu hiyo wasomaji wawili wanaosoma ukurasa mmoja kwa wakati mmoja wanaweza kuona matangazo tofauti, na mwandishi akapata malipo tofauti kwa kila mmoja wao.

Mgawanyo wa fedha katika mpango wa AdSense umewekwa wazi na kampuni yenyewe. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa mwandishi hupata asilimia 68 ya fedha zinazotokana na matangazo yaliyo pembeni mwa maandishi yake. Mwezi Novemba 2023 kampuni ilieleza upya mgawanyo huo. Kwanza hukatwa ada ya upande wa mnunuzi wa tangazo, kisha mwandishi hupata asilimia 80 ya kinachobaki. Tangazo likinunuliwa kupitia Google Ads, ada hiyo ya kwanza ni wastani wa asilimia 15. Kwa hivyo, katika kila dola 100 zilizolipwa na mwenye biashara, hubaki dola 85, na asilimia 80 ya dola 85 ni dola 68. Mwandishi wa kawaida, kwa hali hiyo, hakupata hasara wala faida kubwa kutokana na mabadiliko hayo.

Badiliko jengine lililotangazwa wakati huo, na kuanza kutumika mapema mwaka 2024, ni kuwa malipo kwa mwandishi yahesabiwe kwa idadi ya mara tangazo linapoonekana. Kabla ya hapo mpango huo ulikuwa ukilipa zaidi kwa idadi ya mara msomaji anapolibofya tangazo. Mafunzo mengi ya zamani yanayowahimiza watu kutafuta mbinu za kubofyewa matangazo yamepitwa na wakati, mbali na kuwa mengi yao yalikuwa kinyume cha masharti tangu mwanzo.

Hesabu ambayo kila mtu aifanye kwanza

Hakuna kiwango kimoja cha malipo. Bei hupanda na kushuka kwa kutegemea nchi aliyopo msomaji, somo linaloandikwa, msimu wa mwaka na wingi wa wenye biashara wanaoitaka nafasi hiyo. Msomaji aliyeko katika nchi ambayo makampuni mengi yanashindana kutangaza humletea mwandishi fedha nyingi zaidi kuliko msomaji aliyeko pahala ambapo makampuni yanayotangaza kwa njia hii ni machache. Maandishi ya bima, benki au safari huvutia bei kubwa kuliko maandishi ya mazungumzo ya kawaida. Lugha nayo inahusika, kwa kuwa mpango wowote wa matangazo huwa na orodha ya lugha unazozikubali. Anayekusudia kuandika kwa Kiswahili ahakikishe kwanza kwamba lugha hiyo imo katika orodha ya mpango anaoutaka.

Ili jambo lifahamike, ichukuliwe kwa mfano tu kuwa mwandishi anapata nusu dola kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa, na kwamba dola moja ni sawa na Shilingi 2,500.

(a) Ukurasa unaofunguliwa mara 3,000 kwa mwezi utaleta dola moja na nusu, yaani Shilingi 3,750 kwa mwezi. Kwa vile kiwango cha chini cha kulipwa katika AdSense ni dola 100, mwandishi huyu atasubiri miezi 67, yaani miaka mitano na miezi saba, kabla ya kupokea malipo yake ya kwanza.

(b) Ukurasa unaofunguliwa mara 20,000 kwa mwezi utaleta dola 10. Malipo ya kwanza yatafikiwa baada ya miezi 10.

(c) Ukurasa unaofunguliwa mara 200,000 kwa mwezi utaleta dola 100, na mwandishi atastahiki kulipwa kila mwezi.

Upande wa pili wa hesabu ni matumizi. Ikiwa mwandishi wa mfano wa kwanza ananunua vifurushi vya intaneti vya Shilingi 10,000 kwa mwezi kwa ajili ya kazi hii, basi kila mwezi anapoteza Shilingi 6,250, bila ya kuhesabu umeme na muda wake. Hili halina maana kuwa asiandike. Maana yake ni kuwa asikope, asiache kazi na asiuze kitu cha nyumbani kwa kutegemea fedha hizo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni vyema mtu akajua mapema kibaba chake kitajaa baada ya muda gani.

Masharti ya kukubaliwa na kulipwa

Kuomba kujiunga na mpango wa AdSense hakuna ada. Kwa hivyo mtu yeyote anayedai malipo ili amfungulie mwengine akaunti anauza kitu kinachotolewa bure. Masharti makuu ni haya yafuatayo:

(i) Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 18. Aliye chini ya umri huo anaweza kuomba kupitia mzazi au mlezi wake, na malipo yatakwenda kwa mzazi au mlezi huyo.

(ii) Kila mtu anaruhusiwa akaunti moja tu. Akaunti ya kununua kwa mtu mwengine haina usalama, kwa kuwa jina la mlipwaji, anuani na benki havitolingana.

(iii) Ukurasa uwe na maandishi ya kutosha ya mwombaji mwenyewe. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwa wengine ni sababu ya kawaida ya maombi kukataliwa.

(iv) Mapato yanapofikia dola 10, kampuni hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anuani. Barua hiyo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kufika. Mwandishi asipoiingiza namba hiyo katika akaunti yake ndani ya miezi minne tangu barua ya kwanza kutolewa, matangazo husita kuonekana katika ukurasa wake.

Sharti hili la nne limewashinda watu wengi pasi na kosa kubwa. Katika visiwa ambako barua nyingi hufika kwa sanduku la posta na si kwa namba ya nyumba, mwandishi anapaswa kuandika namba ya sanduku ambalo kweli analifungua, au analolifungua mtu anayemuamini, pamoja na jina lake kamili kama lilivyo katika kitambulisho. Anayetumia sanduku la skuli, la afisi au la jamaa amuarifu mwenye sanduku mapema ili barua isirejeshwe wala kupotea. Barua ikichelewa, mwandishi anaweza kuomba itumwe tena.

(v) Jina lililo katika akaunti ya matangazo lilingane na jina lililo katika akaunti ya benki. Aliyejiandikisha kwa jina la utani au jina la mtaani atapata taabu siku ya malipo.

(vi) Mapato ya mwezi hukamilishwa hesabu mwanzoni mwa mwezi unaofuata, na malipo hutolewa kati ya tarehe 21 na 26 kwa yule aliyefikia dola 100 na ambaye akaunti yake haina pingamizi. Asiyefikia kiwango hicho hapotezi fedha zake, kwani huhamishiwa mwezi unaofuata. Ni vyema pia kuuliza benki mapema inatoza kiasi gani kwa kupokea fedha kutoka nje, kwa kuwa makato hayo ni juu ya mpokeaji.

Makosa yanayofunga akaunti

Msiba mkubwa katika shughuli hii ni mtu kufanya kazi miezi mingi, akakaribia dola 100, kisha akaunti ikafungwa na fedha zikarejeshwa kwa wenye biashara. Mara nyingi sababu ni moja: mwandishi amebofya matangazo yaliyo katika ukurasa wake mwenyewe, au amewaomba ndugu, marafiki na wanafunzi wenzake wayabofye ili kumsaidia.

Kwa anayefanya hivyo, jambo hilo huonekana kama wema wa kijamaa. Kwa mwenye biashara aliyelipia tangazo, ni wizi, kwa sababu amelipishwa kwa mteja asiyekuwepo. Kampuni zina mitambo ya kutambua mibofyo inayotoka katika simu chache zile zile, katika mtaa mmoja, au inayorudiwa kwa mpangilio usio wa kawaida. Maneno kama vile "tusaidieni kwa kubofya hapa" yaliyoandikwa juu ya tangazo yanatosha kuwa ushahidi. Vivyo hivyo kwa vikundi vya kubofyeana matangazo kwa zamu, na kwa kununua wasomaji wa bandia wanaotengenezwa na programu. Ikumbukwe kuwa hata baada ya malipo kuhesabiwa kwa kuonekana kwa tangazo, mibofyo ya udanganyifu imeendelea kuwa ni kosa.

Makosa mengine ni kuweka picha, nyimbo au vitabu vya watu bila ya ruhusa. Kuweka mambo ya aibu. Kuchapisha habari za kupotosha ili kuvuta wasomaji. Na kuyaficha matangazo yaonekane kama sehemu ya maandishi. Aliyefungiwa akaunti anayo nafasi ya kukata rufaa, lakini hapana hakika ya kukubaliwa, na haruhusiwi kufungua akaunti nyengine kwa siri.

Kuishi katika kiwanja cha mtu

Nafasi ya bure ina mwenyewe. Mwandishi anayechapisha katika jukwaa la bure anafanana na mtu aliyepewa kiwanja akaambiwa ajenge bila ya kodi, wakati hati ya kiwanja imebaki kwa mwenyewe. Siku mwenye kiwanja atakapobadili masharti, mjenzi hana la kufanya ila kukubali au kuondoka.

Mfano wake ni ile GeoCities iliyotajwa hapo juu. Baada ya miaka 15, Yahoo iliifunga tarehe 26 Oktoba 2009 kwa watumiaji wa Marekani na nchi nyengine nyingi, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka. Aliyekuwa amehifadhi nakala alibaki na kazi yake. Asiyehifadhi alipoteza, isipokuwa pale ambapo watu wa kujitolea waliwahi kuziokoa kurasa hizo kabla ya siku hiyo.

Aidha, si kila jukwaa la bure humpa mwandishi sehemu ya mapato. Yapo yanayoweka matangazo yao wenyewe katika ukurasa wa mwandishi na kuzichukua fedha zote, na yapo yanayokataza mwandishi kuweka matangazo ya mpango mwengine mpaka alipie daraja la juu. Masharti haya huandikwa, na hubadilika. Mwandishi ayasome kabla ya kuanza na ayarejee kila mwaka.

Kinga ni ndogo na hazina gharama kubwa. Kwanza, ahifadhi nakala ya kila andiko lake nje ya jukwaa, katika kompyuta, kadi ya kumbukumbu au hata karatasi. Pili, akiwa na uwezo, anunue jina lake la anuani ya intaneti, ili akihama jukwaa wasomaji waendelee kumpata kwa jina lile lile. Tatu, asitegemee chanzo kimoja tu cha mapato.

Matangazo ya wafanyabiashara wa nyumbani

Kwa mwandishi mwenye wasomaji wachache lakini wa mahali pamoja, njia yenye tija zaidi huenda ikawa ni kuzungumza na wafanyabiashara moja kwa moja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Wete, fundi wa mashine za boti Mkokotoni au mwenye nyumba ya wageni Jambiani hana haja ya kuonekana duniani kote. Haja yake ni kuonekana na watu 500 wanaoweza kufika kwake. Mwandishi anayesomwa na watu hao anacho kitu cha kumuuzia, na bei hupangwa na wao wawili bila ya kusubiri mnada wala dola 100.

Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwa karatasi moja: tangazo litakaa wapi, kwa muda gani, kwa bei gani na nani atalitengeneza. Stakabadhi itolewe. Mwandishi aeleze idadi ya wasomaji wake kwa ukweli, kwa kuwa mfanyabiashara wa mtaani ataujua uongo huo kwa kuwahesabu wateja wake. Tangazo lililolipiwa lioneshwe wazi kuwa ni tangazo. Anayesifu hoteli kwa malipo akajifanya anatoa maoni yake tu, anawadanganya wasomaji ambao ndio mtaji wake. Kabla ya kuanza, mwandishi ahakikishe pia kuwa jukwaa lake linaruhusu matangazo ya aina hiyo.

Sheria na kodi

Shughuli hii haiko nje ya sheria kwa sababu tu inafanyika katika simu. Wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo.

Kuhusu leseni, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka sharti la leseni kwa wenye blogu nchini Tanzania, kwa ada ya maombi ya Shilingi 100,000, ada ya leseni ya Shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka ya kiasi hicho hicho. Kanuni hizo zilibadilishwa na kanuni mpya za mwaka 2020, ambazo nazo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kwa kuwa aina za huduma zinazohitaji leseni na viwango vya ada vimebadilika zaidi ya mara moja, kila anayekusudia kuchapisha kwa umma, hasa habari na matukio, aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ikilinganishwa na hesabu iliyotolewa hapo juu, ada ya leseni peke yake yaweza kuzidi mapato ya miaka kadhaa ya ukurasa mdogo. Hili ni jambo la kupimwa kabla ya kuanza.

Kuhusu kodi, kodi ya mapato ni jambo la Muungano na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa Unguja na Pemba pia. Mkaazi wa nchi hutozwa kodi kwa mapato yake yanayotoka ndani na nje ya nchi. Fedha zinazolipwa kwa dola na kampuni ya ng'ambo ni mapato kama mapato mengine. Mwandishi aweke daftari la mapato na matumizi, ahifadhi taarifa za benki na kuuliza afisi ya kodi anastahiki kulipa nini.

Kuhusu haki na taarifa za watu, mwandishi ajue kuwepo kwa Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mipango ya matangazo hukusanya taarifa za wasomaji, na kwa sababu hiyo humtaka mwandishi aweke katika ukurasa wake maelezo ya wazi kuhusu jambo hilo. Mwenye wasomaji waliopo Ulaya hutakiwa pia kuomba ridhaa yao kwa utaratibu uliokubaliwa na kampuni ya matangazo. Sharti hilo lilianza tarehe 16 Januari 2024 katika mpango wa Google.

Kwa watumishi wa Serikali

Mtumishi wa Serikali ni mwananchi na anayo haki ya kuandika. Mwalimu anayeeleza hesabu, muuguzi anayefundisha usafi wa mtoto mchanga au bwana shamba anayeeleza kilimo cha karafuu anaweza kuwafaa watu wengi. Lakini utumishi wa umma una miiko yake, na mtumishi anayepata mapato ya matangazo anapaswa kujihadhari katika mambo manne.

Kwanza, muda wa kazi ni wa kazi, na kompyuta, umeme na intaneti ya afisi si mtaji wa biashara binafsi. Pili, barua, majalada, takwimu na picha zilizopatikana kwa sababu ya cheo haziwezi kuchapishwa kwa ajili ya kuvuta wasomaji. Picha ya mgonjwa au jina la mwanafunzi lisionekane kabisa. Tatu, mtumishi asipokee tangazo kutoka kwa mfanyabiashara ambaye afisi yake inamkagua, inampa leseni au inanunua bidhaa zake, kwa sababu malipo hayo yatafanana na rushwa hata kama nia haikuwa hiyo. Nne, asiandike kwa namna itakayomfanya msomaji adhani kuwa ni msemaji wa Wizara au Idara yake.

Mtumishi mwenye shaka atoe taarifa kwa maandishi kwa mkuu wa taasisi yake na kuomba mwongozo kabla ya kuanza. Barua moja iliyoandikwa mapema ni nyepesi kuliko kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapato ya matangazo yapo, yanalipwa na hayana siri. Hutegemea wingi wa wasomaji wa kweli, na wasomaji hao huja pale tu wanapopata kitu chenye manufaa kwao. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini lazima aujue upwa anaougaagaa: kujaa kwake, kupwa kwake na mwenye nyavu zilizotegwa humo.

Kwa hivyo, mwananchi anayetaka kujaribu anashauriwa aandike jambo analolijua vyema. Asitoe fedha kwa mtu yeyote ili afunguliwe akaunti. Atumie jina lake la kweli na sanduku la posta linalofunguliwa. Asibofye matangazo yake wala asiwaombe wengine kufanya hivyo. Ahifadhi nakala za kazi zake. Aulize kuhusu leseni na kodi kabla ya kuanza. Na aendelee na kazi inayomlisha mpaka hesabu yake mwenyewe, kwa mwaka mzima, imuoneshe kuwa njia hii inaweza kumlisha.